Waya wa Kaskazini

Sipendi kusikia gitaa tamu la hoteli. Likianza, naondoka. Watu hudhani ni dini, kwamba mtoto wa Kingazija aliyelelewa chuoni haoni raha penye muziki, nami huwaacha na dhana yao kwa sababu maelezo ni marefu na yananipandisha hasira upya. Si dini. Ni mume niliyekuwa naye, na kitu cha ukubwa wa kiberiti alichokiharibu.

Kitu chenyewe tulikiita mikro, kama mafundi redio walivyosema kwa Kifaransa chao. Ni vipande vya sumaku vilivyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele. Vinakaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme, na ndivyo vinavyosikia. Ule ubao mnaouona uking'aa jukwaani hausikii kitu. Mikro ikiwa mbovu, mpigaji amebeba ubao wa kusukumia chapati.

Ilikuwa miaka ile bendera yetu ilipokuwa bado mpya, haijapauka kwa jua. Nilikuwa nimeolewa Mahajanga, pwani ya Bukini, kisiwa kikubwa cha Wamalagasi, nashona nguo za maharusi. Baba yetu alikuwa Mngazija, fundi bati, na alipofariki aliniachia mimi chuma chake cha kulehemu, chenye kichwa cha shaba na mpini wa mti, kwa sababu mwanawe wa kiume hakuwa na subira ya kushika kitu cha moto. Mwanawe huyo, mdogo wangu, nilimbeba mgongoni mpaka watu wakaniita mama yake. Yeye aliishi Nosy Be pamoja na mama, ambaye ni mwenyeji wa kisiwa kile, na alipiga gitaa katika bendi ya mume wangu. Mume wangu alipiga kodiani na ndiye aliyekuwa mkubwa wa bendi. Mchana alikuwa karani wa meli za pwani, anakwenda na kurudi kati ya Mahajanga na Nosy Be, kwa hiyo kila mahali alikuwa mwenyeji na kila mahali alikuwa na la kusema.

Nyumbani hatukuzungumza Kiswahili, nalisema hili mapema ili asije mtu akanisahihisha. Tulikuwa na vipande vyake tu, vya dua, vya mizani na vya bahari. Kiswahili hiki nilikipata nilipohamia Tanga, na maneno ya watu wangu hapa nimeyatoa katika Kimalagasi chetu cha pwani.

Sasa, kule Ambatoloaka, kijiji cha Nosy Be, Mfaransa mmoja alikuwa anafungua hoteli ufukweni, na alitaka bendi ya kila Jumapili alasiri. Mdogo wangu alisema wazi, mbele ya mama, kwamba kazi ile akiikosa anajiandikisha ubaharia katika meli za Ulaya na kwenda zake. Wenzake walikuwa wameshaanza kuondoka, na hakuna aliyekuwa amerudi hata kusalimia. Mama alikuwa mjane. Mimi nilikuwa ng'ambo ya maji. Kwa hiyo msidhani nilihangaika na gitaa lile kwa kupenda ufundi. Nilikuwa nataka ndugu yangu abaki.

Gitaa lake lilikuwa na mikro mbili. Moja ilikaa karibu na shingo, ikitoa sauti nene na laini. Nyingine ilikaa karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa, ikitoa sauti kali na kavu, kila noti ikisikika peke yake. Ngoma za kwetu zinataka ile ya daraja. Vidole vinakimbia na kupishana, na ukivipeleka kwenye mikro ya shingo vinakuwa uji. Wazungu wa hoteli walitaka uji. Basi gitaa lilihitaji mikro zote mbili, na swichi ya kuchagua: shingo peke yake, daraja peke yake, au zote kwa pamoja. Iliyokufa ilikuwa ya daraja. Chumvi ya bahari ilikuwa imeula waya wake mpaka ukawa wa kijani.

Mdogo wangu akaja nalo Mahajanga. Fundi redio wa mtaani akatuambia mikro iagizwe Ufaransa, tusubiri.

"Tumepata uhuru," nikamwambia, "na waya bado tuagize kwao?"

Akacheka. Sikuwa natania. Sikuondoka dukani kwake mpaka aliponiachia transfoma ya redio iliyoungua, na ndani yake mlikuwa na waya mzima wa kututosha.

Kila mshonaji anakijua kile kigurudumu cha pembeni mwa cherehani kinachojaza uzi kwenye bobini. Nilitoa waya mbovu, nikafunga fremu ya mikro kwenye kigurudumu, nikazungusha mkono wa cherehani, waya ukipita katikati ya vidole vyangu juu ya kipande cha flana. Nikaijaza fremu pomoni. Tukaifunga kwenye gitaa, tukawasha amplifaya, na sauti ikatoka kubwa lakini imefunikwa, kama mtu anayesema ndani ya shuka. Ndipo tulipoelewa kwamba mizunguko ikizidi, sauti hupata nguvu na kupoteza ukali. Tukabadilisha na kapasita, kile kidude kwenye kitufe cha sauti kinachokula noti za juu, tukatia kidogo zaidi, nacho kikala kidogo. Bado shuka. Nikaanza kupunguza waya, napunguza, tunasikiliza, napunguza tena, mpaka mdogo wangu akainua mkono.

"Hapo, zoky," akasema. Zoky ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. "Hapo hapo."

Nikavuta ncha niifunge, na waya ukakatikia chini kabisa. Nilitukana mpaka jirani akafunga dirisha.

Hatukuwa na muda wa kuzungusha tena. Bendi ilikuwa na harusi Nosy Be, akarudi na gitaa lake lenye mikro moja. Lakini kipimo nilikuwa nimeshakijua kwa jicho: ukingo wa fremu ubaki wazi kiasi cha upana wa kucha. Nikazungusha mpya peke yangu, kwa utulivu, nikaichovya katika nta ya mishumaa ili waya zisitikisike na kupiga kelele, nikatoa nyaya mbili za kuunganishia na kuzivika uzi mweupe. Ilikuwa kazi safi. Sioni haya kuisifu, kwa sababu hakuna mwingine aliyeisifu ilipokuwa hai.

Mume wangu ndiye aliyekuwa anasafiri, na mimi nilikuwa na gauni la harusi mezani, kwa hiyo nikampa mikro aipeleke, pamoja na chuma cha baba ili akaiunganishe mwenyewe. Nikamwelekeza kama mtu yeyote wa kwetu anavyomwelekeza mwenzake. Sisi hatuna habari na kulia na kushoto. Mtu akiwa na chembe ya wali usoni tunamwambia iko kusini mwa mdomo wake, naye anaifuta bila kuuliza. Kitanda husogezwa mashariki, chungu huwekwa magharibi ya jiko, na mtoto anayejifunza kutembea anajua kaskazini ya nyumba kabla ya kujua jina la baba yake. Basi nikailaza mikro mezani, nikamwambia: lilaze gitaa, shingo yake ielekee mashariki, mikro ikae hivi hivi. Waya wa kaskazini uende kwenye swichi. Waya wa kusini uende kwenye bati la chini, zinapokwisha nyaya zote.

Akasema amesikia.

Kwa nini sikutia uzi mwekundu kwenye mmoja? Nimeulizwa swali hilo na watu wa Tanga, na linaniudhi kila mara. Sikutia kwa sababu nilikuwa namwambia mtu mzima aliyezaliwa Bukini, anayekwenda kufanya kazi katika nyumba ya mama mkwe wake, ambayo mlango wake uko magharibi kama nyumba zote. Angeweza kufumba macho na bado akajua kaskazini.

Lakini mume wangu alipenda vyombo vya kupimia. Mama ndiye aliyenihadithia baadaye, akicheka mpaka akashika mbavu. Mume wangu alikuja na dira ya melini, ya shaba, katika sanduku lake. Akasema kazi ya umeme inataka kaskazini ya kweli, si kaskazini ya vikongwe. Akaiweka dira juu ya gitaa, kando kabisa ya mikro. Mikro ni sumaku. Sindano ya dira ikaelekea kwenye mikro. Akaligeuza gitaa, sindano ikaifuata mikro. Akaligeuza tena na tena, mpaka mama akamwambia, "Baba, kaskazini ni pale penye mtungi." Akamjibu kwa adabu kwamba mtungi si chombo cha kupimia. Akakubaliana na sindano yake, akalehemu. Akawa ameziweka nyaya kinyume.

Na hapa ndipo ubaya wa kosa lile: halikuonekana. Mikro ya shingo peke yake ilisikika vizuri. Ya daraja peke yake ilisikika vizuri, kali na kavu, kama tulivyoitaka. Walijaribu hizo mbili, wakapongezana, mume wangu akafunga chuma cha baba katika kitambaa. Kosa lilikuwa linasubiri pale katikati ya swichi, zinapopigwa zote kwa pamoja. Mikro mbili ni kama watu wawili wanaosukuma mlango. Wakisukuma wote kutoka nje, unafunguka. Mmoja akiwa nje na mwenzake ndani, nguvu zao zinauana. Sauti nene zote hupotea, na kinachobaki ni kile chembamba cha juu, cha puani.

Niliwasili Nosy Be kwa ajili ya Jumapili ya majaribio. Hoteli ilikuwa bado inanuka rangi. Wazungu walikaa chini ya makuti na glasi zao, sisi wake na mama wa wapigaji tukasimama upande wa jikoni. Mdogo wangu alianza na ya daraja, na moyo wangu ukatulia, kwa sababu ilikuwa ile ile niliyoisikia kwetu, ukiondoa shuka. Kisha mwenye hoteli akaomba kitu cha taratibu, cha kucheza wawili wawili. Mume wangu akafungua kodiani yake. Mdogo wangu akasukuma swichi katikati.

Ikatoka marovany. Sijui niseme vipi kwa asiyeijua. Ni sanduku lenye nyaya pande mbili, linapigwa kwa vidole vya mikono yote miwili, na linapigwa mbele ya watu wanapopandisha mizimu ya wafalme wa zamani. Linasikika jembamba, la puani, likilia kwa mbali hata ukiwa umekaa karibu nalo. Katika nyumba ya baba halikuingia. Katika ukoo wa mama hakuna aliyehitaji kuelezwa. Na sasa lilikuwa linatoka kwenye amplifaya ya hoteli, kubwa, katika wimbo wa mapenzi.

Mdogo wangu alishtuka. Niliona bega lake likiruka. Halafu hakurudisha swichi. Vidole vyake vikaacha wimbo wa taratibu, vikaanza kukimbia. Wanawake wakatoka jikoni na mikono yenye unga, wakapiga makofi ya kwetu, yale ya kupishana. Dobi mmoja mtu mzima akavua viatu, akakaa chini mchangani, akajifunika kichwa kwa leso. Wazungu waliokuwa wakicheza wakasimama, wameshikana, hawajui waweke wapi miguu.

Mwenye hoteli akaja akitabasamu kwa meno ya mbele tu. Akasema gitaa linaumwa. Akasema tunayo Jumapili moja zaidi, tulirekebishe, kazi itakuwa yetu.

Kesho yake asubuhi nikalifungua juu ya jamvi kwa mama. Sikuhitaji hata kuwasha makaa ili nijue. Nyaya zilikuwa zimebadilishana mahali, na kuzirudisha ni kazi ya kufumba na kufumbua. Mdogo wangu akaweka kiganja juu ya tundu.

"Usiguse, zoky."

"Unataka kazi au hutaki?"

"Nataka."

"Basi toa mkono."

"Hii sauti ni yangu," akasema. "Nimeitafuta sijui tangu lini, na sikujua kwamba naitafuta."

Nilimkasirikia kama sijapata kumkasirikia. Nilimwambia sauti ile ni upumbavu wa shemeji yake, kwamba amekwenda kupenda kosa, kwamba Mfaransa halipi watu kuwatisha wageni wake. Nilimwuliza kama anataka mama afe akiwa anatazama bahari. Tulikwenda hivyo siku kadhaa, tukigombana mbele ya mama kama watoto, na mume wangu akipita na kusema, "Lirekebishe tu, wewe unamwomba wa nini?"

Aliyenitoa kwenye ubishi ule ni mama. Alikuwa anapepeta mchele uani, mdogo wangu akapiga ndani, swichi katikati, sauti ndogo. Mama akaweka ungo chini. Mama ambaye kwake gitaa lilikuwa kelele ya vijana. Akauliza, "Hiyo inatoka wapi?" Mdogo wangu akasema inatoka kwenye dira ya shemeji. Mama hakucheka safari hii. Akamwambia apige tena, na akakaa hapo na mchele wake hadi kuku walipoanza kuula. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni nikiisikia, na nilichukia kwamba naisikia, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Ilikuwa yake. Hakuna mpigaji mwingine kisiwani aliyekuwa nayo.

"Nipe zote mbili," akaniambia jioni ile. "Ile ya kula na hii yangu. Ukiweza hilo, siendi popote. Naapa mbele ya mama."

Niliweza. Nilishajua jinsi ya kufanya, ubishi tu ndio ulionizuia kusema. Ilihitajika swichi ndogo ya pili, yenye safu mbili za miguu, inayobadilishana nyaya mbili kila ukiisukuma. Isukume huku, mikro zinakubaliana, Wazungu wanacheza. Isukume kule, zinakataana, inatoka marovany. Swichi za namna hiyo zilikuwamo katika redio za zamani. Mdogo wangu akanikumbatia. Jumamosi asubuhi akamchukua mama kwenda Nosy Komba, kisiwa cha jirani, kuhani msiba wa binamu yake, walale huko, na Jumapili aje moja kwa moja Ambatoloaka kwa mtumbwi. Mlangoni akasema, "Gitaa liko mikononi mwako, zoky." Mume wangu alikuwa amekaa pale anakunywa kahawa. Alisikia kila neno.

Nikaenda mjini. Mhindi wa duka la vitambaa alikuwa na redio iliyokufa, akaniruhusu niipekue, na swichi ilikuwamo. Nilirudi nikiwa nimeifunga kwenye pindo la leso, natembea haraka kama mtoto aliyetumwa.

Nilisikia harufu ya lehemu kabla sijafika mlangoni. Jiko la makaa linawaka, gitaa limelala wazi juu ya jamvi, na mume wangu amechutama na chuma cha baba mkononi. Alikuwa anazirudisha nyaya mahali pake, ili jambo liishe. Lakini hakusubiri lehemu iyeyuke. Alivuta. Waya wangu niliouvika uzi mweupe ukaja mkononi mwake na ncha nyembamba kama utando inaning'inia. Ilikuwa ncha ya ndani, ile ya mzunguko wa kwanza kabisa, iliyo chini ya mizunguko yote na ndani ya nta. Hiyo haiungwi. Inabidi ufumue mikro nzima na uanze upya, na cherehani yangu ilikuwa Mahajanga, na waya ulikuwa Mahajanga.

"Imekatika kidogo," akasema.

Sikumbuki vizuri nilichomjibu, ila majirani walikumbuka kwa miaka. Nilimwita majina. Nilimwuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kugusa tena chuma cha baba yangu. Yeye hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililozidi kuniunguza. Alifuta mikono, akasema ameokoa kazi ya watu wote, si mdogo wangu peke yake. Akasema wapigaji wengine wana watoto. Akasema mambo ya marovany hotelini ni aibu, na kwamba mimi na ndugu yangu tulikuwa tunachezea riziki. Kisha akasema neno ambalo nikilikumbuka hata sasa nikiwa nafua, naacha kufua:

"Ya shingo si ipo? Si sauti tamu ndiyo wanayoitaka?"

Nilijaribu. Nilikaa na sindano ya kushonea nikitafuta ile ncha ndani ya nta, napukuchua punje kwa punje, mpaka macho yakatoka maji. Nta ilikuwa imeshika sawasawa, kwa kuwa niliichovya vizuri.

Jumapili nilifika Ambatoloaka mapema, nikasimama penye maji ili nimkamate mdogo wangu kabla ya yeyote. Mtumbwi ulichelewa. Bendi ilishaanza bila yeye, na mwenye hoteli alishaanza kutazama saa. Mtumbwi ulipogusa mchanga, mume wangu aliacha kodiani, akateremka mbio na gitaa mkononi, akanipita. Nilikuwa nimefungua mdomo. Yeye alikuwa na sauti kubwa kuliko yangu.

"Panda, panda, wanakusubiri! Dada yako amelitengeneza!"

Na mdogo wangu akanitazama akacheka. Meno yote nje. Alidhani ninayo furaha ya kumshangaza. Akalivaa gitaa huku anakimbia, na mimi nikabaki na mama mkononi, namsaidia kushuka majini.

Walipiga za taratibu, swichi shingoni, na Wazungu wakacheza. Mwenye hoteli akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mdogo wangu alikuwa anangoja. Niliona anangoja, ananitupia jicho kama wezi wawili wanaojua kitu. Wanawake wa jikoni walikuwa wamejipanga mlangoni, nao wanangoja. Ulipofika wimbo wa kwetu, akasukuma swichi kwenye daraja.

Kimya. Vidole vyake vinakimbia na hakuna kinachotoka, kodiani peke yake inahema. Akasukuma katikati. Ikatoka ya shingo, tamu, nene. Akatafuta kwa kidole gumba ile swichi ya pili niliyomwahidi, akapapasa ubao juu na chini, haipo. Akaacha kupapasa. Akanitazama mara moja, bila kucheka, kisha akarudisha macho kwenye nyuzi, akapiga mpaka mwisho wa alasiri, bila kukosea noti. Alipiga uji vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kumsikia. Kazi wakapewa. Mwenye hoteli akawapa mikono, na mume wangu, akiwa ameshikilia ule mkono wa Mfaransa, akanielekezea kidevu na kusema, "Mke wangu. Ni yeye aliyelitengeneza." Kwa kujivuna. Mbele ya ndugu yangu. Hata leo sijui kama alikuwa anajificha nyuma yangu au alidhani kweli ananisifu, na sijali, yote mawili ni mabaya.

Nilimfuata mdogo wangu ufukweni. Nilimwambia yote, neno kwa neno: mjini, redio ya Mhindi, makaa, waya uliovutwa. Nilifungua pindo la leso nikamwonyesha swichi. Alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu mzima kuliko aliposhuka mtumbwini. Alinivulia gitaa lake, akaniwekea mikononi, akasema, "Mmefanya vizuri."

Katika Kimalagasi chetu neno la wewe na neno la ninyi ni maneno mawili mbalimbali, huwezi kujidai hukusikia. Tangu alipoanza kusema, mimi nilikuwa wewe kwake. Nikamwambia, "Mimi sikufanya. Ni yeye." Akaitikia, "Ndiyo, zoky," akamchukua mama wakatangulia. Wiki ile ile akaandikisha jina lake melini, na mimi nikabaki Nosy Be ndani ya lile ninyi, pamoja na mume wangu.